Seva ya MySQL ikigoma kuwaka, usifute kitu

Natunza kompyuta ya duka la dawa hapa Mwanga, Kigoma. Umeme ukikatika ghafla, kuna asubuhi MySQL, programu inayotunza data ya duka, inagoma, na wagonjwa wamejaa dirishani. Nakuomba sana: usifute faili lolote ndani ya /var/lib/mysql, hasa ibdata1. Humo ndimo mlimo kumbukumbu zote za duka.

Anza na logi, yaani faili ambamo seva huandika matatizo yake. Kwenye Ubuntu ni /var/log/mysql/error.log, shuka hadi mistari ya mwisho, tafuta ERROR. Ukikuta “No space left on device”, andika df -h uone diski imejaa kiasi gani. Mimi nilikuta 100%, chelezo (nakala za akiba) za miezi zimejaza diski. Nikazihamishia diski ya nje, seva ikawaka. “Permission denied” mara nyingi ni umiliki wa faili: sudo chown -R mysql:mysql /var/lib/mysql.

InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, ikilalamika kuwa faili zimeharibika, zima MySQL, nakili folda nzima ya /var/lib/mysql pembeni. Kisha weka innodb_force_recovery = 1 kwenye faili la mipangilio, washa, toa data kwa mysqldump, amri ya kutoa nakala ya data. Ikigoma, panda namba moja moja. Kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja, kwa hiyo ile nakala iwepo kweli.