Usimuulize "Umeelewa?"

Mimi ni mkalimani wa mikutano, na swali linalonikera kuliko yote ni "umeelewa?" Nimelisikia likijibiwa "ndiyo" na watu ambao papo hapo walinigeukia wakaninong'oneza, "Hivi amesema nini hasa?" Siwalaumu. Kumwambia mkubwa au mgeni kwamba hakueleweka ni kumwaibisha, na kukiri kwamba hukuelewa ni kujiaibisha. "Ndiyo" inawasitiri wote wawili.

Fanya hivi: mwombe mwenzako akueleze mlichozungumza kwa maneno yake, na lawama ibebe wewe. Kwa mfano: "Nimeongea haraka, huenda nimechanganya mambo. Ukitoka hapa utaanza na lipi?" Hapo "ndiyo" haitoshi kuwa jibu. Akisema, "Nitawapigia wateja kesho," nawe ulitaka waandikiwe kwanza, tatizo umelidaka mapema. Usimkatize kwa "hapana, sivyo." Sema, "Wateja ni hao hao, ila tuanze kwa kuwaandikia barua," halafu mwache aeleze tena. Wahudumu wa afya hutumia mbinu hii hii kuhakikisha mgonjwa anajua atakavyomeza dawa zake. Inachosha, sikatai, na mwanzoni utajiona kama mwalimu wa chekechea. Utazoea.

Ukishauliza, nyamaza. Hapa wengi hushindwa: mwenzao akikawia kidogo tu, wanalirudia swali, wanaliongezea maelezo, mwishowe wanajijibu wenyewe. Anayeongea lugha isiyo yake anatafuta maneno. Mwingine amelelewa kutokurupuka kumjibu mtu anayemheshimu. Hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kufungua mdomo tena.

Mwili nao usiusome kwa pupa. Bulgaria mtu akitikisa kichwa huku na huku, mara nyingi amekubali. Kuhusu umbali, mwanaanthropolojia Edward T. Hall aliandika miaka ya 1960 kwamba Wamarekani aliowachunguza waliongea na marafiki na jamaa zao wakiwa kati ya sentimita 45 na 120 hivi. Vipimo hivyo ni vya hao aliowaangalia. Wewe huhitaji futi kamba. Mtu akirudi nyuma hatua moja, usimfuate. Akikusogelea, vumilia kidogo kabla hujamwona hana adabu.

Na atakayekuambia kuwa asilimia 93 ya mawasiliano si maneno, mpuuze. Hesabu hiyo ilitokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu namna tunavyotambua kama mtu anapendezwa au hapendezwi. Tarehe ya mkutano huwezi kuitaja kwa kukunja uso.

Tarehe zenyewe zina balaa lake. Ukiandika 04/07, Mmarekani anasoma tarehe 7 Aprili, na wengi wengine wanasoma tarehe 4 Julai. Andika mwezi kwa jina, basi. "Wiki ijayo" na "mapema iwezekanavyo" pia ziweke kando. Taja siku na saa, na kama mko nchi tofauti, sema ni saa za wapi.

Mkishaagana, muhtasari auandike yeye, hata kama wewe ndiye bosi. Mistari mitatu inatosha: nani atafanya nini, lini. Usomeni pamoja kabla kazi haijaanza, na jambo lililokosekana mliongee upya siku hiyo hiyo.