Ukiwa nje ya zamu na jambazi ametoa bastola

Nimestaafu polisi nikiwa sajini, Nakuru, na vijana wa kituo bado wananiuliza: siku ya mapumziko nikiona watu wanaporwa, niingilie? Ingilia pale tu maisha ya mtu yako hatarini na unayo njia ya kuyaokoa. Simu na pochi waache waende nazo.

Kwanza hesabu. Ukimwona mmoja ana bastola, tafuta wa pili. Kwenye matatu huenda amekaa nyuma yako kama abiria. Risasi yako ndani ya gari la watu 14 itampata mama na mtoto wake. Tulia, shika sura, viatu, lafudhi, namba ya pikipiki.

Piga 999 au 112, useme: "Mimi ni polisi, nimevaa shati la kijani, nina silaha." Maneno hayo usiyaache kamwe. Mwaka 2009, Harlem, New York, polisi Omar Edwards alikuwa nje ya zamu, bastola mkononi, akimfukuza mtu aliyevunja gari lake. Polisi mwenzake alimpiga risasi, akafa. Inaniuma kila nikikumbuka. Doria wakifika, silaha chini, mikono juu, usigeuke ghafla.

Ukilazimika kufyatua, jitambulishe na utoe onyo kama kuna nafasi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inataka hivyo. Majeruhi, hata awe jambazi, apate matibabu. Mtu akifa au akiumia vibaya, IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, lazima wajulishwe.

Na siku unayokwenda kunywa, hata bia moja, bastola irudishe ghala la silaha kwanza.