Loki ya difu au 4x4: ipi uiguse kwanza pikapu ikianza kuteleza

Pikapu ikianza kuteleza, madereva wengi hubonyeza chochote kilicho karibu na mkono. 4x4 huunganisha matairi ya mbele na ya nyuma. Loki hufunga difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu tairi la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti. Kazi zao ni tofauti, na ukizichanganya unaweza kujikuta unatafuta trekta wakati gari lako lingetoka lenyewe. Mwongozo huu ni wa pikapu ambazo kwa kawaida husukumwa na matairi ya nyuma mpaka dereva aunganishe ya mbele. Hilux, D-Max na Land Cruiser 79 nyingi ziko hivyo.

Hatua ya 1: Hakikisha loki ipo na inafanya kazi

Kitufe cha 4x4 kina H2 (matairi ya nyuma tu), H4 (yote manne) na L4 (yote manne kwa gia nzito ya mwendo wa polepole). Swichi ya loki ina mchoro wa ekseli wenye alama ya X katikati ya matairi ya nyuma. Land Cruiser 79 zenye loki mbili zina kitufe cha kuzungusha: RR hufunga ya nyuma, kisha FR huongeza ya mbele. Kuna pia pikapu za 4x2 zilizoinuliwa ambazo hazina 4x4 kabisa ila loki ya nyuma zinayo.

Gari la mtumba usiliamini kwa kuona swichi. Loki za umeme zina mota ndogo pale kwenye difu, na isipotumika muda mrefu hushika kutu na kugoma. Kuipima: egesha kwenye sakafu tambarare, weka L4 kama gari lako linaitaka, zuia matairi ya mbele kwa magogo pande zote mbili, inua ekseli ya nyuma na uikalishe juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Injini izimwe, gia ya kwanza iingie (au P kwa otomatiki), handibreki iachiwe. Zungusha tairi moja kwa mkono: la pili litazunguka kinyume. Sasa weka funguo ON bila kuwasha injini, bonyeza swichi, uendelee kuzungusha polepole. Loki nzima italia "klak" na tairi litagoma kwenda. Likiendelea kuzunguka, peleka gari kwa fundi kabla ya masika.

Hatua ya 2: Jua kila moja inatibu ugonjwa gani

Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa matairi mawili, na hapo ndipo kero inapoanzia. Tairi lililoning'inia halihitaji nguvu kuzunguka, kwa hiyo la upande wa pili, hata kama limekanyaga mwamba, nalo linapata hichohicho kidogo.

4x4 haiondoi tatizo hilo. Inaunganisha propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) ya mbele na ya nyuma ziende mwendo mmoja, lakini ndani ya kila ekseli difu bado iko wazi. Ndiyo maana unaweza kukuta 4x4 imekwama kwenye korongo, la mbele kushoto na la nyuma kulia yanazunguka hewani, na mawili yaliyokanyaga chini yametulia kabisa. Loki huzifunga shafti mbili za nyuma ziende pamoja, na lile lililokanyaga ndilo linalosukuma gari.

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, tambarare, mvua ikiwa imenyesha, matairi yote manne yanateleza karibu sawa. Hapo 4x4 ndiyo yenye msaada, kwa sababu matairi ya mbele yanavuta na kukuelekeza. Loki inaongeza kidogo sana. Barabara za milimani kama za Usambara ni habari nyingine. Mvua imechimba mifereji ya kukatiza, uzito wa gari umehamia nyuma kwa sababu ya kupanda, na tairi moja linainuka. Hapo 4x2 yenye loki inaweza kuipita 4x4 isiyo nayo. Kushuka ndiko itakakojuta: haina gia nzito ya L4, na injini haiwezi kuyazuia matairi ya mbele.

Hatua ya 3: 4x4 iingie mapema

Weka H4 kabla ya kuingia kwenye tope au mchanga. L4 inataka gari lisimame na gia iwe N. Kama gari lako lina habu za kufunga kwa mkono (vifungio vya katikati ya matairi ya mbele), zifunge ukiwa bado pakavu. Kuzitafuta ndani ya tope ni adhabu. Kwenye mchanga punguza upepo hadi psi 18 au 20 kabla ya kufikiria loki.

Kwenye lami kavu rudi H2. Ukikunja kona, matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa propela zimeungana, mkazo unabaki kwenye gia na shafti.

Hatua ya 4: Loki iingie kabla tairi halijazunguka bure

Ukiona mtaro mbele, simama, nyoosha usukani, bonyeza swichi, kisha tambaa. Taa itapepesa mpaka meno yakutane. Sogea kidogo mbele au nyuma, itatulia. Usiibonyeze wakati tairi linapiga kasi. Meno yakigongana kwa nguvu hiyo, yanavunjika, na shafti inaweza kwenda nayo.

Magari mengine hukubali loki ndani ya L4 tu, kwa hiyo soma kitabu chake. Toyota huandika usizidi kilomita 8 kwa saa ikiwa imefungwa, na katika magari mengi ABS (mfumo unaozuia matairi yasigande ukikanyaga breki) huzimika pia.

Hatua ya 5: Itoe haraka

Ukishavuka, toa. Nyuma ikiwa imefungwa, gari linataka kwenda moja kwa moja hata usukani ukiwa umekunjwa, na kwenye kona ya mlimani hiyo ni hatari. Kwenye barabara iliyolala upande ni mbaya zaidi: difu wazi huacha tairi moja liendelee kushika, lakini ikifungwa yote mawili yanaserereka pamoja na bodi inashuka bondeni. Taa ikikataa kuzimika, achia mafuta na urudi nyuma hatua chache.

Hatua ya 6: Baada ya tope

Bonyeza loki mara moja kwa mwezi kwenye njia ya vumbi, hata kama huihitaji, ili mota isigande. Ukivuka mto uliofika kwenye ekseli, kagua bomba la pumzi la difu (kibomba kinachopitisha hewa yake), kisha legeza nati ya kutolea mafuta ya difu utoe kidogo. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Badilisha kabla hujapakia mzigo mwingine.