Mtoto asiyetulia: ya kutengeneza kabla shule hazijafunguliwa

Januari ikikaribia, Mombasa yote inakuwa foleni za sare na madaftari. Wewe mwenye mtoto anayevaa soksi moja akaiacha ya pili kwa sababu amemwona paka dirishani, una mengine ya kutengeneza kabla ya sare. Mimi sikuyatengeneza mapema, na aliyelipa ni mwanangu.

Hakikisha kwanza kama kweli ni ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuweka akili pahali pamoja. Mtoto wa miaka mitano kuwa mtundu ni kawaida yake. Daktari atataka kujua kama dalili zimedumu miezi sita au zaidi, kama zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana zaidi ya pahali pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia, wala si kwa mwalimu mmoja aliyechoka. Mpime masikio na macho, maana asiyesikia vizuri naye huonekana hana adabu. Angalia na usingizi wake. Anza kwa daktari wa watoto. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani wapo. Halafu ulizia kituo cha EARC cha kaunti, vile vituo vya kupima mahitaji ya mtoto kielimu vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, wakueleze anahitaji nini darasani.

Bibi yake atataka asomewe na apewe kombe, yale maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Mwache asomewe, dua haijamdhuru mtu. Lakini kombe lisikucheleweshe kwa daktari, na usikubali mtoto akeshwe kwa kupungwa pepo akakosa hata ule usingizi kidogo alio nao. Wala usikae kujilaumu kwamba umemdekeza. Hali hii ni namna ubongo unavyofanya kazi, na mara nyingi inatembea katika ukoo. Muulize mama mkwe mwanawe alikuwaje darasani, umtazame atakavyocheka.

Nenda ukamwone mwalimu kabla ya siku ya kufungua, maana siku yenyewe hatakuwa na nafasi hata ya kunywa maji. Usiende na shari. Mwalimu wa mwanangu alikuwa na watoto 52, na feni moja iliyokuwa inalia kuliko kuzunguka. Mwombe vitu vichache: kiti cha mbele, mbali na mlango na dirisha. Maagizo yaje moja moja. Ukimwambia "funga kitabu, toa daftari, andika tarehe", yeye atafunga kitabu tu na kukutazama. Atumwe chaki, afute ubao, agawe vitabu, apate sababu halali ya kusimama, kwa sababu kipindi cha dakika 30 kwake ni kirefu mno. Akifanya vizuri aambiwe pale pale, na aambiwe alichofanya: "Umemaliza mstari wote bila kuinuka." Kumwambia "mtoto mzuri" saa saba mchana hakumsaidii, alishasahau asubuhi ilikuwaje.

Na mapumziko yake yasiguswe. Hapa ndipo nilipochomeka.

Mwaka huo alikuwa darasa la pili, miaka saba. Mwalimu wake nilizungumza naye Januari, tukaelewana vizuri kabisa, kwa mdomo. Muhula wa kwanza ukapita salama. Muhula wa pili yule mwalimu akaenda likizo ya uzazi, akaletwa mwalimu wa muda, na mimi sikujua. Ningejuaje? Mtoto wa umri ule ukimuuliza habari za shule hujibu "nzuri" huku anatupa viatu.

Nilichoona ni kopo lake la chakula. Nilikuwa namfungia mahamri mawili na yai la kuchemsha. Jioni vinarudi kama vilivyotoka, mahamri yamekauka, yai limeanza kutoa harufu ndani ya mkoba. Wakati huo alikuwa ameanza dawa ya ADHD, methilfenideti, kidonge asubuhi baada ya chai, na daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba inaweza kumkata hamu ya kula mchana. Basi nikajipa jibu mwenyewe: ni dawa. Jumatatu sikumpa. Sikumwambia daktari, sikumwambia mtu. Nikajiona mama hodari, nimegundua.

Mahamri yakaendelea kurudi. Mtoto akazidi kuwa moto wa makuti. Jumapili jioni tumbo likaanza kumuuma, kila Jumapili, likipona Ijumaa.

Wiki ya tatu nilifungua daftari lake la hisabati kutafuta karatasi niandike vitu vya sokoni. Kila ukurasa wino mwekundu: "Hajamaliza." Hesabu mbili, halafu mchoro wa meli yenye makontena, "Hajamaliza." Hesabu tatu, meli nyingine, "Hajamaliza." Nikamwita.

"Sasa hizi unamaliza saa ngapi?"

"Wenzangu wakitoka kucheza, mimi namaliza."

"Na unakula saa ngapi?"

"Ticha amesema tusile juu ya daftari."

Wiki tatu mtoto anayehitaji kukimbia kuliko wenzake wote alikuwa amefungiwa ndani wakati wenzake wanakimbia, ana njaa, na dawa iliyokuwa inamsaidia mamake amemnyang'anya. Asubuhi yake nilikwenda shuleni maneno yako kooni. Mwalimu mwenyewe msichana mdogo, akanikaribisha kiti. "Mama, mimi nilidhani ni uvivu tu. Hakuna aliyeniambia kitu." Hapo nigombane na nani? Yale tuliyokubaliana yalikuwa kichwani mwa mwalimu aliyekuwa nyumbani ananyonyesha. Daktari naye alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia siku nyingine nikitaka kuacha dawa nipige simu kwanza.

Kwa hiyo andika. Karatasi moja, upande mmoja, kwa mkono inatosha: jina la mtoto, kinachomsaidia, kinachomharibu, anakunywa dawa gani na saa ngapi, nani apigiwe. Yangu ilikuwa na mistari kumi na moja, na wa kwanza ulisema asinyimwe mapumziko; kazi isiyokwisha ije nyumbani au ipunguzwe. Toa kopi. Moja ya mwalimu wa darasa, moja iingie kwenye faili ofisini, moja ya dereva wa gari la shule, moja ibandikwe jikoni kwa ajili ya dada anayekusaidia. Na kila muhula ukifunguliwa uliza swali moja: mwalimu ni yule yule?

Chuoni, yaani madrasa, pia. Wengi wetu hapa watoto wana shule mbili, na hii ya pili tunaisahau. Saa tisa ametoka shule, saa kumi yuko madrasa, amechoka, joto la kaskazi halijapoa, na kidonge cha asubuhi kama ni kile cha muda mfupi kilishakwisha nguvu zamani. Halafu akae jamvini asubiri zamu yake, wa ishirini. Nilimpelekea maalim karatasi yangu nikamwomba mtoto asomeshwe miongoni mwa wa mwanzo. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu, akaniambia, "Huyu akitembea anahifadhi, akikaa anasahau. Nilikwisha muona." Sasa anasoma sura zake akizunguka nguzo ya barazani. Wa kwako huenda asiwe maalim wa aina hiyo, na bakora bado zinaning'inia pahali pengi. Sema wazi, kwa heshima, kwamba mtoto asipigwe. Kwa shule, sheria iko upande wako: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa mateso ya mwili au ya akili. Sijawahi kulazimika kuitaja, lakini naijua namba yake.

Mfanyie na kikaratasi cha kila siku. Malengo mawili, basi: amenyanyua mkono kabla ya kusema, amemaliza kazi ya kwanza. Mwalimu anatia alama tu, sekunde tano. Nyumbani malipo yatoke siku ile ile. Mtoto huyu ukimwahidi baiskeli mwezi wa nane hajakusikia. Mabuyu ya shilingi kumi leo yanafanya kazi kuliko baiskeli. Kazi ya nyumbani igawe dakika kumi kumi, televisheni imezimwa, na hiyo simu yako iweke mbali vile vile.

Dawa, kwa kifupi. Chini ya miaka sita, wazazi hufundishwa kwanza namna ya kumwongoza mtoto, kabla ya dawa kufikiriwa. Akipewa dawa, ni ya kuandikiwa na daktari. Usikope kidonge kwa jirani mwenye mtoto kama wako. Apimwe uzito, urefu, moyo na presha kila anaporudi kliniki. Asubuhi ale ashibe kabla ya kidonge, na chakula cha usiku kiwe cha kushiba.

Ramadhani ijipange mapema, maana nyumba nzima inakesha na mtoto anakesha nayo. Hata kama hafungi, atarukaruka mpaka saa sita na asubuhi shule ipo. Mlaze saa zake, hata kama wageni watasema unamfungia.

Njiani ndiko ninakoogopa zaidi. Huyu akiona kitu ng'ambo ya barabara, miguu inatangulia akili, na bodaboda wa Mombasa hawangoji. Dereva wa gari la shule amshushe mikononi mwa mtu, asimwache kituoni. Mnaovuka feri Likoni, mshike kifundo cha mkono, vidole vinateleza kwa jasho. Mwandikie namba ya simu ndani ya mkoba, si nje. Chupa ya maji iwe na kamba. Jina litie kwenye kila kitu, hata kifuniko cha kopo. Na penseli nunua dazeni nzima usimpe zote. Mpe moja asubuhi, nyingine mwachie mwalimu, zilizobaki zifiche juu ya kabati, kwa sababu kabla ya Jumatano atakuja kukwambia ameibiwa, na ile penseli utaipata kwenye soksi.