Kuvua trauti wa kupandikizwa mto ukiwa umejaa watu

Gari la samaki likishamwaga mtoni trauti, samaki wa maji baridi waliofugwa bwawani, ukingo hujaa wavuvi papo hapo. Wengi husimama palepale samaki walipomwagwa, wakirusha nzi bandia (ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) wa aina moja. Nami nilisimama hapo miaka mingi. Siku hizi nafanya hivi.

Kwanza mjue samaki mwenyewe. Amekulia kwenye bwawa la saruji akilishwa punje zinazodondoka majini, hajazoea kupekua wadudu chini ya mawe. Siku mbili tatu za mwanzo hukaa kwa makundi karibu na alipoachiwa na hudaka ovyo. Wakati huo nzi mwenye manyoya, rangi ya zeituni, ndoano namba 10, akivutwa kidogo kidogo anatosha kabisa. Baadaye mambo hubadilika. Samaki aliyekwisha kuchomwa na ndoano huwa mwoga, na wengi huteremka na maji kutafuta mahali penye utulivu.

Nami nawafuata. Nateremka mpaka nimpite mvuvi wa mwisho, navaa miwani ya kuondoa mng'ao wa maji, kisha natazama dakika kumi bila kurusha chochote. Siku moja niliwakuta wavuvi wanne wamezama hadi mapajani, wanarusha mpaka ng'ambo. Nyuma yao, hatua mbili tu kutoka ukingoni, chini ya mizizi iliyoning'inia, trauti watatu walikuwa wametulia, vichwa vimeelekea mkondo unakotoka, mapezi yamelika kama yaliyosuguliwa kwa msasa. Wale wavuvi waliwapita walipokuwa wakiingia majini. Tangu hapo siingizi mguu mtoni kabla sijavua maji yaliyo miguuni pangu.

Kwa samaki waliokwisha kuogopa, funga tunutu bandia (nzi anayeiga mdudu mchanga wa majini) mdogo, ndoano namba 18, ambayo ni ndogo kuliko namba 10, mweusi au wa kahawia. Uzi wa mwisho uwe mwembamba, milimita 0.13. Chubwi ndogo ikae sentimita 20 juu ya nzi, na boya likae juu zaidi, umbali wa kama mara moja na nusu ya kina cha maji.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosa samaki. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Mshipi ukilala juu ya mkondo mkali, hulivuta boya, na nzi huburutwa kwa mwendo ambao hakuna mdudu anaokwenda nao. Linganisha boya na mapovu yaliyo kando yake: likiyatangulia, inua mshipi uurudishe upande wa juu wa mto, taratibu, boya lisitikisike. Likienda polepole kidogo kuliko mapovu, nzi yuko chini anakotakiwa kuwa.

Usingoje boya lizame. Nimewahi kumwona trauti akifungua kinywa, weupe wa ndani ukaonekana, akafunga, akatema, na boya halikucheza hata kidogo. Kwa hiyo likisita tu, inua fimbo.

Kuhusu wenzako: muulize aliyetangulia anavua kuelekea juu au chini, kisha wewe uingie nyuma yake, mbali. Kumkatia mtu maji anayoyaendea ni kumharibia siku, na mimi silivumilii jambo hilo.

Kama unamrudisha samaki, bana kijino cha ndoano kwa koleo kabla ya kuanza, lowesha mikono ili usimtoe ute, na umshike ndani ya maji mpaka aondoke mwenyewe. Maji yakifika nyuzijoto 20, acha kuvua. Trauti aliyechoka kwenye maji ya uvuguvugu anaweza kufa hata akiogelea vizuri mbele ya macho yako.

Mchana watu wakienda kula, kaa karibu na kilindi walichokiacha. Kipumzishe dakika 20 bila kukikanyaga, halafu anza na ukingo wa karibu.