Kumtafuta mwandishi wa zabuni za serikali Uganda

Usimwite mtaalamu siku tatu kabla ya zabuni kufungwa. Mpe nyaraka siku ile ile zinapotoka, asome vigezo vya tathmini, ndipo mpatane bei. Mlipe kwa hatua: sehemu akianza, sehemu rasimu ikikamilika, iliyobaki baada ya kuwasilisha. Anayedai asilimia ya mkataba kwa kuwa “anawajua wakubwa” mwache. Huyo hauzi uandishi, na PPDA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, inaweza kukufungia kushiriki zabuni.

Zabuni huweza kuanguka kwenye uchunguzi wa awali, bei haijatazamwa hata kidogo. Kwa hiyo mdai mwandishi jedwali: safu ya sharti, safu ya waraka, safu ya ukurasa ulipo. Hapo ndipo utagundua kwamba cheti cha kodi cha URA (mamlaka ya mapato) kimepitwa na muda, hati ya uwakilishi haikusajiliwa URSB (ofisi ya usajili wa kampuni na hati), au dhamana ya zabuni ni ya siku 90 ilhali zinatakiwa 120.

Bei za vipengee jaza mwenyewe. Yeye hajui saruji Mbale inauzwaje. Akaunti ya eGP, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, nayo iwe ya kampuni yako, na nywila ubaki nayo wewe.