Namna ya kuipima shule ya msingi ya serikali Lindi au Mtwara kabla ya kumwandikisha mtoto

Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamejaa, kwa hiyo rangi mpya ya ukuta isikudanganye. Ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), chagua mkoa wa Lindi au Mtwara, halmashauri, kisha shule. Linganisha matokeo ya darasa la saba ya miaka 3. Hesabu A, B na C tu, kwani D na E ni kufeli.

Kinachosema kweli zaidi ni daftari. Mwombe mtoto wa darasa la tatu wa jirani akuonyeshe la Kiswahili. Kurasa zimejaa lakini hazina kalamu nyekundu? Ananakili ubao tu. Mpe aya asiyowahi kuiona, kisha mwonyeshe neno la katikati. Akishindwa kulisoma peke yake, amezoea kukariri, na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) haikukaa darasa la kwanza na la pili.

Muulize pia mwalimu mkuu mahudhurio ya Oktoba na Novemba. Msimu wa korosho watoto wengi huenda shambani, na somo walilokosa mara nyingi halirudiwi. Shule makini hupanga vipindi vya kufidia. Uliza siku gani, na nani anafundisha.